Anza na mpira, usianze na vita

Ndugu zetu wa kikundi, na ninyi wakubwa zetu wa mashirika mnaotusoma hapa, leo tunaandika juu ya slaidi ya kwanza tu.

Wiki tatu kutoka sasa wanafunzi 9 wa animesheni hapa Nakivale watasimama mbele ya watu wanaochagua nani ataendelea na masomo na nani atabaki. Kila mmoja amepewa dakika 6. Karatasi ya maelekezo ilikuja kwa Kiingereza, halafu mtu akaitafsiri, na kwa Kiswahili ikasomeka hivi: tueleze safari yako ya ubunifu. Wiki iliyopita wakaleta slaidi zao kwenye chumba cha kompyuta ili sisi wa kujitolea tuziangalie. Tulicheka kwanza, halafu tukanyamaza. Wanafunzi 7 kati ya 9 walianza na ramani ya namna ileile: mshale unatoka kwao, unavuka mpaka, unaishia Nakivale. Chini ya ramani kuna picha ya watu barabarani wamebeba magodoro kichwani. Watatu kati yao walikuwa na picha moja, ileile kabisa, kwa sababu waliipakua mahali pamoja. Ni picha ya watu wa upande wa Bunagana, na mmoja wa hao watatu ni Mrundi, Bunagana hajawahi kuiona. Tulipomuuliza akatujibu, “Yaya, si wakimbizi ni wakimbizi tu?”

Hatuwalaumu. Neno lenyewe limewapoteza. Hapa kambini ukimuuliza mtu habari ya safari, atakuambia mambo mawili tu: usiku aliokimbia, au siku anayongojea kupelekwa Ulaya au Marekani. “Fulani amepata safari” maana yake kesi yake imepita. Safari ya ubunifu ni kitu gani? Aliyeandika Kiingereza chake alikuwa anauliza namna mkono wako na jicho lako vilivyokua kazini. Mtoto wetu amesoma “safari”, akarudi porini.

Lakini neno peke yake halitoshi kueleza. Tumezoezwa. Tangu siku ya kwanza kituo cha mapokezi, mtu anakaa mezani anakuuliza: jina, kijiji, tarehe, nani alikufa, nani alibaki, uliona nini. Baada ya miezi anakuja mwingine, anauliza yaleyale, na wewe unaogopa maneno yako yasipishane na ya mara ya kwanza. Tumeisimulia hadithi hiyo mpaka imekuwa laini mdomoni kama jiwe la mtoni. Ndiyo iliyotupatia kadi, ndiyo iliyotupatia kiwanja na turubai. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye kalamu akisema “eleza”, mdomo unakwenda huko wenyewe.

Na sisi wa kujitolea tumechangia, tuseme ukweli. Mwaka jana wageni walikuja kuangalia kazi za wanafunzi, na kulikuwa na nafasi moja ya kozi. Dada mmoja alikuwa na filamu ya sekunde 20. Bibi yake anawasha jiko la mkaa asubuhi. Anapuliza. Moshi unatoka, bibi anageuza uso, anafuta macho kwa ncha ya kitenge, anarudi kupuliza tena. Basi, imekwisha. Picha 240 alizochora kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa kidole, maana kalamu ya kuchorea hatukuwa nayo. Sisi tukaiangalia tukamwambia: nzuri, lakini ni ndogo, ni bibi na jiko tu. Wageni wanataka kusikia ulivyofika hapa. Tukamsaidia kuandika maneno ya ule usiku, tukaiweka filamu mwisho.

Alisimama akasimulia. Watu walilia, kweli. Mama mmoja wa wageni alimkumbatia. Picha zikapigwa nyingi. Muda ukaisha wakati bibi ndiyo kwanza anapuliza, mtu akafunga kompyuta ili tuende kula. Baada ya mwezi jibu likaja: tumeguswa sana na ushuhuda wake, lakini hatukuona jinsi anavyofanya kazi. Nafasi ikaenda kwa mtu mwingine. Yule dada hakutugombeza. Alisema tu kwamba laiti wangeuona ule moshi. Ule moshi ulimchukua siku 11.

Ndiyo maana mwaka huu tunasema anza na mpira.

Anayesoma animesheni anajua tunasema nini. Zoezi la kwanza karibu kila mahali duniani ni mpira unaodunda. Sinema inatembea kwa picha 24 kila sekunde, na wachoraji wengi wanatumia mchoro mmoja kwa picha mbili, kwa hiyo sekunde moja inahitaji michoro 12. Unafikiri ni rahisi, duara na duara na duara. Kijana wetu mmoja alifanya hivyo. Akachora duara 12 juu mpaka chini, nafasi kati yao sawasawa kama shanga kwenye uzi. Alipocheza, mpira haukuanguka. Ulishuka kama lifti. Akatuita, akasema simu ina shida.

Simu haikuwa na shida. Mpira unapopanda unachoka, kwa hiyo michoro yake inakaribiana kule juu. Unapoanguka unashika kasi, michoro inaachana. Ukikaribia ardhi unarefuka kidogo, ukigusa unabonyea, halafu unaruka. Hayo yapo kwenye kanuni 12 ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa zamani wa Disney, waliziandika kwenye kitabu chao mwaka 1981, na leo video za bure zinazozieleza ni nyingi ukiwa na bando. Kijana akaangalia video, akarudia, akarudia. Mara ya tano au ya sita mpira ukaanza kuwa mpira.

Sasa hapa ndipo penyewe. Siku moja akaja amekasirika, anasema mpira wa kwenye video ni wa uongo. Kwa nini? Kwa sababu mpira anaoujua yeye ni wa majani makavu ya mgomba, umefungwa kwa kamba. Huo haudundi hivyo. Ukianguka unaruka mara moja, chini ya goti, halafu mara ya pili ni kama unajikwaa, halafu unabingirika kwa kusitasita kwa sababu si duara kamili, una pembe mahali fundo lilipo. Na haubonyei kama raba, unabonyea ukabaki umebonyea. Akatoka nje, akawaomba watoto mpira wao, akaurusha labda mara 30 huku mwenzake anarekodi kwa simu. Halafu akachora tena.

Ule mpira wa mgomba ndio mpira bora tuliowahi kuuona katika chumba chetu. Ukiutazama unajua uzito wake, unajua hata mguu utauma kiasi gani ukiupiga peku. Na ameuweka wapi kwenye slaidi zake? Hakuuweka. Alisema ni zoezi tu, ni aibu kuonyesha mazoezi mbele ya wakubwa. Slaidi yake ya kwanza ilikuwa magodoro.

Jamani. Mtu akikuuliza umekuaje kama mchoraji, jibu ni hilo: nilichora duara zikashuka kama lifti, nikajifunza kanuni, halafu nikaona kanuni hiyo haitoshi kwa mpira wa kwetu, nikatoka nje kuuangalia. Iweke ile lifti. Weka mpira wa raba pembeni yake. Weka wa mgomba. Mwenye macho hahitaji maelezo ya dakika 6, dakika moja na nusu inatosha, na zinazobaki utaeleza unataka kujifunza nini ambacho bado hukiwezi.

Mwingine tunayemkumbuka ni binti aliyekuwa anachora mama anayetoka bombani. Mwanzo mama huyo alikuwa anarukaruka kama anacheza ngoma, jerikeni iko kichwani, haina habari. Tukamwambia kuna kitu hakipo, lakini hata sisi hatukujua ni nini. Akaenda kukaa bombani asubuhi mbili. Akarudi akasema: kumbe kichwa hakisogei! Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, mtu hawezi kuirusharusha juu na chini. Kinachofanya kazi ni nyonga na magoti, shingo imetulia kabisa, na macho hayaangalii chini, miguu ndiyo inatafuta njia yenyewe. Tumeteka maji miaka yote hii na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona hilo. Ameandika kwenye daftari: “kichwa kimelala, kiuno kinaamka”. Tukamwambia daftari hilo lipigwe picha liingie kwenye slaidi, na mwandiko wake mbaya vilevile.

Na usifiche kwamba ulianza kwa kunakili. Karibu wote tulianza na Naruto kutoka kwenye simu ya mtu. Nywele za miiba, macho makubwa, jina letu limeandikwa chini kama vile sisi ndio tuliomtunga. Wanafunzi wanadhani wakionyesha hivyo watachekwa. Lakini wanaochagua nao walianza kwa kunakili kitu. Kinachowavutia ni siku uliyoacha, na kwa nini. Kijana mmoja aliacha baada ya kuangalia filamu fupi ya Uganda ya mwaka 2017, A Kalabanda Ate My Homework, ya Raymond Malinga. Yeye amesoma hapa Uganda, anajua Kalabanda ni zimwi la kutishia wanafunzi. Alisema hakujua kwamba mtu anaruhusiwa kutengeneza katuni ya zimwi la shuleni kwetu. Anaruhusiwa! Neno hilo liingie kwenye wasilisho lake kama lilivyo.

Kuna tatizo moja la kweli ambalo wa nje hawalioni. Kuonyesha ulivyokua lazima uwe na kazi zako mbovu za zamani, na sisi hatunazo. Simu ina memori ndogo. Mtu akitaka nafasi ya filamu mpya anafuta ya zamani, na ya kwanza kufutwa ni ile mbaya. Madaftari yanalowa turubai likivuja, au mdogo wake anayachana kuwashia moto. Hii ndiyo sababu nyingine watu wanaweka ramani na magodoro: ndicho kitu pekee cha zamani walichonacho, na hata hicho wamekipakua.

Basi kwa wanaoanza sasa: usifute. Njoo na kadi yako siku ya Jumamosi, tunahamisha kwenye diski ya kikundi, jina lako na tarehe. Ukituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, usiitume kama video, maana itabanwa na mistari itakufa. Daftari lipige picha ukurasa baada ya ukurasa siku unapolimaliza. Kama umeshafuta kila kitu, chora upya lile zoezi kama ulivyolichora siku ile, na useme wazi kwamba umelichora upya kwa kumbukumbu. Usidanganye. Wengine wametuuliza kama wanaweza kuchora vibaya makusudi halafu waandike mwaka 2022. Hapana bwana.

Programu isikupe wasiwasi. Ukitumia FlipaClip ya kwenye simu sema ni FlipaClip. Krita na Blender ni bure, lakini kompyuta zetu mbili nzee zinapiga kelele Blender ikifunguka, na jua likipungua sola haizibebi zote. Sema hivyo kwa sentensi moja tu, bila kulia, halafu onyesha ulichofanya nazo. Kioo kilichopasuka kilimfanya yule dada wa bibi na jiko achore upande wa kushoto tu wa simu, ndiyo maana picha yake nzima ina nafasi tupu kulia ambako moshi unakwenda. Hiyo si huruma, ni habari ya kazi. Tulishindwa kuiona hiyo pia.

Sasa lugha. Dakika 6 za Kiingereza kwa mtu aliyesoma Kifaransa cha Kongo mpaka darasa la sita, akajifunza Kiingereza barazani: anakariri. Tumewasikia wakifanya mazoezi. Mtu aliyetoka kucheka nasi nje anaingia chumbani na kuwa kama redio. “I am passionate”, anasema, na ukimuuliza maana yake hajui vizuri. Sisi tunashauri aseme Kiswahili na mmoja wetu atafsiri. Dakika zitapungua, ni kweli, kwa hiyo maneno nayo yapungue na picha ziongezeke. Wakubwa wa mashirika, hapa tunawaomba kitu kidogo: siku hiyo andikeni kwenye fomu zenu kwamba Kiingereza hakihesabiwi, na mtuambie mapema. Mkituambia asubuhi ileile haitusaidii, wameshakariri.

Na kuna kingine kwenu, tukiwa tumeanza. Angalieni maswali yenu. Mwaka jana tuliyaandika yote kwenye karatasi. Walisimama wanafunzi watano na yakaulizwa maswali 13. Kumi yalikuwa: ulikuwa na umri gani ulipokimbia, wazazi wako wako wapi, ulijisikiaje. Mawili yalikuwa juu ya ndoto zake. Moja tu lilihusu kazi, na liliulizwa na dereva wenu, ambaye alitaka kujua kwa nini kuku wa kwenye katuni anasogeza kichwa kwanza ndipo mwili ufuate. Mwanafunzi aliyeulizwa hilo aliongea mpaka akasahau kwamba anaogopa. Mwingine, aliyeulizwa juu ya wazazi, alijibu vizuri kabisa mbele yenu, halafu hakuja chumbani siku nne. Hamkujua, hamkuwa na namna ya kujua. Ndiyo maana tunawaambia.

Wenzetu wengine kwenye kikundi wametupinga, na wana haki. Wanasema: mnataka tujifanye hatukukimbia? Vita ndiyo maisha yetu, kama tusipovisema sisi watavisema watu wa televisheni. Mmoja akaongeza kwa ukali kwamba mpira wa mgomba hautampatia mtu ufadhili, machozi yatampatia. Juu ya machozi tumeshaeleza yaliyotokea. Juu ya vita, sisi hatusemi visichorwe. Jean-Michel Kibushi, mtu wa Kongo kama wengi wetu, alianza kutengeneza filamu za animesheni miaka ambayo kwetu karibu hakuna aliyekuwa akifanya hivyo. Mwaka 1991 alitoa hadithi ya chura aliyekwenda ukweni. Septemba mwaka huohuo askari waliasi Kinshasa na mji ukaporwa, na mwaka 1992 akatoa filamu ya mambo hayo kwa kutumia michoro ya watoto. Hakuweka picha ya magodoro. Aliamua nani achore, na uamuzi huo ndio filamu yenyewe.

Au chukua Flee, ya mwaka 2021, ya Jonas Poher Rasmussen wa Denmark. Inamhusu mkimbizi kutoka Afghanistani, na ilipendekezwa kwa tuzo tatu za Oscar. Jina la yule mtu limebadilishwa na sura yake imechorwa ili asitambulike. Hakuisimulia kwa dakika 6 mbele ya watu asiowajua. Alimsimulia rafiki aliyemfahamu tangu wakiwa vijana, baada ya miaka mingi ya kunyamaza, na alipokuwa tayari. Animesheni ilimpa kitu cha kujifunika. Ninyi mnaoonyesha picha za familia zenu kwenye slaidi, na majina, na kijiji, mnajifunika na nini? Slaidi hizo zinapigwa picha na simu kumi, na hujui zinalala wapi usiku.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii, kama mnataka kuiita kanuni. Ukiwa umetengeneza filamu juu ya vita, ionyeshe, utuambie kwa nini umeichora nyeusi, kwa nini bunduki haionekani bali mbwa wananyamaza. Ukiwa hujaitengeneza, usiweke vita kama tiketi ya mlangoni. Na mtu akikuuliza swali usilotaka kulijibu, una haki ya kusema, “Hilo silizungumzi leo, naomba nikuonyeshe mchoro unaofuata.” Tumelifanyia mazoezi sentensi hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Mwanzo hakuna aliyeweza kuisema bila kuangalia chini.

Juzi tulifanya jaribio la kwanza, wote 9, watoto wa jirani wamejaa dirishani. Kwa mtu wa nne umeme ukaisha na projekta ikazima. Alikuwa yule wa mpira. Alisimama pale kama mtu aliyemwagikiwa na maji, halafu akachomoa daftari dogo mfukoni, lile ambalo ukilipeperusha kwa kidole gumba picha zinatembea, akashuka nalo kwenye dirisha. Watoto wakaliangalia mara mbili. Mmoja akamwambia fundo la kamba amelikosea, kwao fundo linakaa chini. Wakabishana. Dakika zake 6 zikaisha kwenye mabishano hayo, na sisi tukamwambia siku yenyewe aende na daftari hata kama umeme utakuwepo.

Magodoro yametoka kwenye slaidi zote isipokuwa za mtu mmoja, na yeye si kwamba alikataa kutusikiliza. Alifuta ile picha ya kupakua, na ramani akaichora mwenyewe, kwa mkono, kama mama yake anavyoikumbuka: mto mkubwa kuliko mpaka, nyumba ya shangazi kubwa kuliko mji, na Nakivale kidoa kidogo pembeni. Mshale unatembea juu yake kwa michoro 36, unasimama mahali mama yake husimama anaposimulia, halafu unaendelea. Tulimuuliza mara moja kama ana uhakika anataka kuanza na hiyo. Akasema ana uhakika, lakini mshale bado unakwenda sawasawa mno, kama lifti, anataka siku mbili zaidi.